Wazee wa Maporomoko ya Wagenia

Mto Lualaba, kabla ya kupata jina la Kongo, hushuka maporomoko saba ya Boyoma katika masafa ya takriban kilomita 100, na penye poromoko la mwisho, mlangoni mwa Kisangani, wanakaa Wagenia, wavuvi na wapiga makasia ambao wafanyabiashara wa pwani waliwajua na kuwahitaji tangu zamani za mfanyabiashara Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip. Mengi yameandikwa juu ya uhodari wa vijana wao; machache yameandikwa juu ya wazee wao, nao ndio wanaonishughulisha hapa, kwa sababu katika uvuvi wao naona jawabu la swali ambalo wataalamu wa afya wamelishika juzijuzi tu: ni kitu gani kimfanyacho shaibu aendelee kuutumia mwili wake, ilhali mwenzake wa umri ule ule amekwisha kukaa kitako?

Uvuvi wenyewe si kazi ya mtu mmoja. Boriti ndefu za miti ya msituni husimamishwa katika matundu ya mwamba, mbili tatu zikiegemeana, zikafungwa kwa kamba za mimea itambaayo, mpaka uchanja mzima ukasimama juu ya maji yanayovuma. Kisha migono, mitego mikubwa ya kusukwa yenye mdomo mpana na mkia mwembamba, huteremshwa ndani ya mkondo, na samaki aliyesukumwa humo na nguvu ya maji hana pa kugeukia. Nafasi mwambani ni milki ya jamaa, hurithiwa, na haki ya kuvua hufuatana na wajibu wa kujenga. Hapo ndipo mzee anapopata mahali pake. Huenda hawezi tena kupanda juu ya boriti na kuuvuta mgono uliojaa maji, lakini anajua ni tundu lipi litakaloushika mti maji yakipanda, na maarifa hayo hayatumiki nyumbani: hana budi ashuke mwambani, ayatazame maji, aonyeshe kwa mkono, aishike kamba na kuijaribu. Aliyepungukiwa zaidi hutengeneza migono iliyoraruka; na mgono mrefu kumshinda mtu kimo hauwi kazi ya vidole peke yake, kwani msukaji huuzunguka, huinama, huinuka, akavuta fito kwa mgongo na mabega. Kijana mwenye akili hamwambii, "Pumzika, baba". Humwita, kwa kuwa asipomwita uchanja waweza kwenda na maji.

Ulimwengu ulioizunguka kazi hiyo ulibadilika upesi. Mwezi Desemba 1883 msafiri Henry Morton Stanley aliweka kituo chake penye maporomoko. Mwaka 1887 Tippu Tip akafanywa liwali wa mahali hapo na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Vita vya miaka 1892 hadi 1894 vikauvunja utawala wa wafanyabiashara wa Kiarabu na waungwana wao. Na mwaka 1906 reli ya kilomita 125 ikafika Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ikachukua shehena na abiria kuyakwepa maporomoko. Reli haikuua uvuvi, ila iliwanyang'anya wapiga makasia sehemu kubwa ya kazi yao. Mji wa Stanleyville, ulioitwa Kisangani tangu 1966, uliwavuta watu katika ujira, na ujira una tabia hii, kwamba humwajiri mtu peke yake na humstaafisha peke yake.

Sisemi kwamba wazee wa mjini waliachwa bila auni. Kulikuwa na jamaa, na majirani wa matanga, na likelemba, ambamo wanachama huchanga na kupokezana fungu. Lakini auni hiyo aghalabu humletea mzee chakula na fedha pale pale alipoketi. Mwaka 2017 watafiti walipoukusanya uchunguzi mwingi juu ya wazee, waliona kwamba msaada uhusuo mazoezi yenyewe, hasa utokao kwa jamaa, huandamana na mzee kujishughulisha zaidi katika saa zake za nafasi. Bali msaada wa jumla, yaani kupendwa na kutazamwa, haukuonyesha uhusiano ulio wazi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za kuutumia mwili kila wiki. Mwambani hakuna anayehesabu dakika, wala sidhani kwamba mtu angezihesabu angekwenda zaidi.

Vita navyo vikaleta yake. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani, na katika miaka ile ya dhiki ya mafuta baiskeli za abiria, ziitwazo toleka, zilienea katika njia zote za mji. Ziliwapa vijana riziki ya halali, na abiria wao hawakuwa wazima tu. Mzee wa mtaa wa Mangobo ambaye zamani angekwenda sokoni kwa miguu, akifuatana na jirani na kupumzika njiani kila palipo na kivuli, aliweza sasa kulipiwa nauli na mjukuu wake akafika bila jasho. Mjukuu amefanya wema, wala hapana wa kumlaumu. Ila jirani aliyekuwa akimpitia asubuhi amekosa mwenzake wa njia, na haupiti muda naye pia hupanda baiskeli.