Mashine ya boti ikizimika baharini, kabureta si ya kwanza kulaumiwa

WAMILIKI wengi wa boti za uvuvi wanaoishi mijini hawaendi baharini wenyewe. Habari huwafikia kwa simu: mashine haivuti, imezimika mara mbili kabla ya kufika mwambani, na fundi anasema tatizo ni kabureta. Fedha hutumwa, kabureta hubadilishwa, na baada ya siku chache ugonjwa hurudi ulekule.

Kabureta ni kituo cha mwisho katika safari ya mafuta. Petroli hutoka kwenye tangi, hupita katika mpira, pampu ya mkono, chujio na pampu ya mashine yenyewe, ndipo ifike kwenye kabureta na kuchanganywa na hewa. Hitilafu yoyote njiani huonekana kama ugonjwa wa kabureta, hasa kwa mashine kuukuu ambayo mipira yake imekauka kwa jua na chumvi.

Jambo hili si dogo. Boti iliyozimika mashine wakati wa kusi, nje ya mwamba, huwa mikononi mwa mawimbi mpaka mtu aje kuivuta. Hata ikiwa karibu na pwani, mashine yenyewe imo hatarini. Kwa zile za mipigo miwili, ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, injini inayopata mafuta kidogo hupata pia oili kidogo. Pistoni hupata moto kupita kiasi, hukwaruza silinda, na mashine hunoki. Nahodha anayelazimisha mwendo huku mashine inakohoa anaweza kugeuza kasoro ya mpira wa bei ndogo kuwa gharama ya injini nzima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Ni ile pampu ya mkono ya mpira iliyo katikati ya bomba la mafuta, yenye mshale unaoelekea kwenye mashine. Ikibinywa mara kadhaa inapaswa kuwa ngumu. Isipokuwa ngumu kabisa, ama tangi ni tupu, ama hewa inaingia mahali fulani, ama vali zake za ndani zimechoka. Mara nyingi hewa huingilia kwenye kiungio cha mpira na mashine, ambako kuna ringi ndogo ya mpira inayolika bila kuonekana. Lakini pampu ikikataa kuwa ngumu huku petroli inatiririka kutoka kwenye koo la kabureta, basi sindano inayofunga mafuta imekwama au boya lake limetoboka, na hapo kweli kabureta ina kesi ya kujibu.

Pampu hiyo husema mengi zaidi mashine ikiwa inafanya kazi. Ikinywea na kubonyea kama imenyonywa, kizuizi kiko upande wa tangi. Cha kwanza kutazamwa ni kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko. Kikisahauliwa kimefungwa, mashine huwaka vizuri, huenda kwa muda, kisha huzimika kana kwamba mafuta yamekwisha. Kifuniko kikilegezwa husikika hewa ikivuta kwa ndani. Ni aibu ya kitoto, na hata manahodha wazoefu huikuta. Na iwapo mashine inapoanza kulegea kwa kasi kubwa hurudiwa na nguvu kila mtu anapobinya pampu ya mkono, yumkini kiwambo cha mpira ndani ya pampu ya mashine kimechoka.

Baada ya hapo ni mafuta yenyewe. Kiasi kidogo humiminwa katika chupa ya kioo na kuachwa kitulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na mstari wa kuyatenganisha huonekana wazi. Madumu yanayoachwa wazi kwenye mvua au kufunguliwa chomboni mawimbi yakirusha maji ndiyo chanzo cha kawaida, na tone moja la maji likikaa kwenye tundu la kabureta latosha kusimamisha safari.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haijitengi hivyo katika chupa. Dalili zake ni mashine kuwaka kwa shida, moshi mwingi na nguvu kupungua. Nchini Tanzania, mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Zipo pia mashine zilizoundwa kutumia mafuta ya taa, ambazo huwashwa kwanza kwa petroli. Hizo ni jambo jingine.

Kuhusu oili, kijitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Mashine nyingi za mipigo miwili hutumia sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, ingawa za zamani zaidi huhitaji oili zaidi. Oili iwe yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa ajili ya injini inayopozwa kwa upepo na haifai.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo kabureta ifunguliwe. Mashine inayowaka kwa choki tu na kuzimika choki ikiondolewa ina njia zilizoziba au inavuta hewa ya ziada. Ikikataa kutulia kwa mwendo wa chini lakini ikaenda vizuri kwa kasi, jeti ndogo ndiyo iliyoziba. Ikitulia vizuri na kushindwa kupanda, ni jeti kubwa. Jeti ni vipande vya shaba laini vyenye tundu lililopimwa. Fundi anayezichokonoa kwa waya wa chuma hulipanua tundu na kuharibu kipimo, kosa ambalo hakuna usafi utakaolirekebisha. Husafishwa kwa dawa ya kabureta na upepo wa pampu.

Kazi hiyo ifanyike nchi kavu, mbali na sigara na jiko, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini chomboni. Mashine isijaribiwe bila maji. Itumbukizwe katika pipa, la sivyo pampu ya kupoza huungua.

Boti inapopandishwa pwani kwa wiki kadhaa, mpira wa mafuta hutolewa, na skrubu iliyo chini ya kabureta hufunguliwa ili petroli iliyobaki imwagike kwenye chombo. Ikiachwa humo hukauka na kuwa gundi ya rangi ya kahawia, nayo ndiyo huziba jeti msimu unapoanza.