Uhuru, Malindi na Nyota ya Zimwi

Tukiwauliza wanafunzi wetu neno "Uhuru" linawakumbusha nini, hutaja bendera, mwenge au kilele cha Kilimanjaro. Ni nadra kumsikia anayetaja setilaiti. Hata hivyo, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha sikukuu yake ya uhuru, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Setilaiti ilihitajika kwa sababu eksirei hizo haziwezi kupenya hewa ya dunia.

Makala haya yanaihusu nyota moja iliyonufaika na safari zilizoanzia Malindi. Waarabu waliiita Ra's al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi. Leo inajulikana kama Algol. Mwaka 1783 kijana kiziwi wa Uingereza, John Goodricke, alieleza kwamba huenda hufifia kwa sababu kuna kitu kinachoizunguka na kuikinga. Mwaka 1889 Hermann Vogel alithibitisha kuwa ni nyota mbili zinazozungukana. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, ile hafifu huipita ile angavu kwa mbele, nayo hupatwa kama jua linavyopatwa na mwezi.

Setilaiti ya SAS-3, iliyorushwa pia kutoka San Marco mwaka 1975, ndiyo iliyogundua eksirei za Algol. Ajabu ni kwamba chanzo chake ni ile nyota hafifu, isiyo na joto kali. Kwa kuwa hujizungusha kwa siku zisizotimia 3, wakati jua letu huchukua takribani siku 25, ina nguvu kubwa ya sumaku. Nguvu hiyo inapofumuka ghafla, hutokea mlipuko wa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii.

Ila mlipuko huo uko wapi hasa juu ya nyota? Hakuna darubini ya eksirei iliyoweza kuonyesha hilo moja kwa moja. Jibu lilipatikana Agosti 1997, wakati setilaiti ya BeppoSAX, ambayo kituo chake cha kupokea habari kilikuwa Malindi, ilipoona mlipuko mkubwa. Mlipuko ukiendelea, nyota angavu ilipita mbele yake na kuukinga kabisa, kisha ukaonekana tena. Kwa kupima muda wa kufichika, J. Schmitt na F. Favata walionyesha mwaka 1999 kwamba ulikuwa karibu na ncha ya kusini ya nyota hafifu, na kimo chake hakikuzidi sehemu 0.6 ya nusu kipenyo cha nyota hiyo. Aidha, gesi iliendelea kupashwa joto hata mlipuko ulipokuwa ukipungua.

Historia hii inatuhusu walimu wa Kiswahili. Neno letu lilifika angani mwaka 1970, lakini darasani mwanafunzi akitaka kueleza habari hizi bado hukimbilia lugha nyingine. "Kupatwa" na "mlipuko" ni maneno tuliyo nayo tayari. Hatuna budi kuyatumia, kuyapima na kuyazoea. Maoni ya wasomaji yanakaribishwa.