Mji mmoja, rekodi tatu

Juma hili nilikuwa nikisafisha hifadhidata ya majina ya miji, kazi ya kuchosha ambayo wanaprogramu wengi huiahirisha hadi Ijumaa jioni. Programu yangu ikalalamika: kuna rekodi tatu zinazoelekeza pahali pamoja nchini Hungaria. Dunapentele, Sztálinváros, Dunaújváros. Nikadhani ni makosa ya aliyeingiza data. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta, lakini nikaamua kusoma kwanza. Kumbe rekodi zote tatu ni sahihi!

Tuanze na ya kwanza. Dunapentele kilikuwa kijiji cha wakulima kando ya mto Danube, yapata kilomita 70 kusini mwa Budapest. Zamani zaidi Warumi walikuwa na ngome papo hapo, iliyoitwa Intercisa. Miongoni mwa walioilinda ni kikosi cha wapiga mishale kutoka Emesa, mji unaoitwa Homs leo huko Syria. Kwa hiyo wageni hawakuanza jana kuletwa hapo kwa amri ya watawala wa mbali.

Rekodi ya pili ndiyo yenye mambo. Serikali ya kikomunisti ya Mátyás Rákosi ilitaka Hungaria iwe nchi ya chuma na feleji. Kiwanda kikubwa kilipangwa kujengwa Mohács, karibu na mpaka wa Yugoslavia. Lakini mwaka 1948 Stalin na Tito wakakosana, na mpaka huo ukawa wa kuogopwa. Mradi ukahamishiwa kaskazini, na Mei 1950 ujenzi ukaanza Dunapentele. Mwaka 1951 pakaitwa Sztálinváros, yaani mji wa Stalin.

Msanifu mkuu alikuwa Tibor Weiner, mtu aliyepitia Bauhaus ya Ujerumani, kisha akafanya kazi katika Umoja wa Kisovieti na Chile. Alichora barabara kuu pana inayotoka mjini hadi lango la kiwanda. Ukiitazama ramani unaelewa mara moja: kila kitu kinaelekea langoni. Tanuru la kwanza la kuyeyushia chuma liliwashwa mwaka 1954.

Sasa fikiria kama mwanaprogramu. Dunapentele hapakuwa na madini ya chuma wala makaa ya mawe. Madini yalitoka Kryvyi Rih, Ukraine, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Ni kama kuandika programu inayotegemea seva moja ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, bila nakala ya akiba. Seva ikizimwa, huna lako.

Mwaka 1956 Wahungaria walipoasi, watu wa mji uliobeba jina la Stalin walilikataa jina lenyewe wakarudia Dunapentele. Redio yao, Rákóczi, ilirusha matangazo mpaka majeshi ya Kisovieti yalipouteka mji tarehe 7 Novemba. Jina la Stalin likarudishwa kwa nguvu. Mwaka 1961, baada ya Moscow yenyewe kumwacha Stalin, ndipo likaja jina la tatu: Dunaújváros, mji mpya wa Danube.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Kubadilisha jina la kigeu ni kazi ya dakika moja, lakini msimbo unabaki ule ule. Jina la Stalin liliondoka. Barabara bado ilielekea langoni. Mwaka 1980 mji ulikuwa na watu kama 60,000. Ukomunisti ukaanguka, na mwaka 2004 kiwanda kikabinafsishwa. Desemba 2022 kampuni ikawekwa chini ya ufilisi, mwaka ule ule ambao vita vya Ukraine vilipandisha bei ya nishati kote Ulaya. Mmiliki mpya akaingia mwaka 2023, naye hakufika mbali. Wakazi leo hawafiki 45,000.

Je, kimebaki nini? Mwaka 1964 ukingo wa Danube uliporomoka vibaya. Ukaimarishwa, ukapandwa miti, na tangu 1974 wachongaji kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakija kuunda sanamu za feleji ya kiwanda hicho. Zimesimama hapo juu ya mto. Tanuru likizimika, sanamu haihitaji madini kutoka kwa mtu yeyote.

Tukirudi kwenye hifadhidata yangu: sikufuta kitu. Niliongeza safu mbili, mwaka wa jina kuanza na mwaka wa kuisha. Mtu aliyezaliwa 1955 ana cheti kinachosema Sztálinváros. Hakulichagua jina hilo, na pengine halipendi, lakini ndiko alikozaliwa. Ningelifuta, programu yangu ingemwambia kwamba mji wake haupo. Tayari ameona kiwanda kikifungwa. Sitaki nimwondolee na pa kuzaliwa.

Nanyi mnaotunza data za watu, rekodi zikifanana, ulizeni kwanza kabla ya kufuta. Tuonane juma lijalo.