Mbwa wa Kwenye Bati

Ukitoka Arusha mjini kwa njia ya Njiro na Mlangarini kushuka Nduruma, mbwa utakaokutana nao ni wa aina mbili. Wa kwanza wamelala kando ya barabara, au kwenye majivu ya jana mbele ya maboma ya Waarusha: rangi ya udongo, mbavu zinahesabika, masikio yamechanika kwa ugomvi wa siku nyingi. Wa pili wako getini, wamechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye kipande cha bati. Kichwa ni cheusi na kahawia, masikio yamesimama, ulimi uko nje, na chini yake herufi nyekundu: MBWA MKALI. Ukibisha hodi, anayekuja kubweka ni wa aina ya kwanza.

Kuna geti moja la kijani, ukishapita uzio wa mashamba ya maua, ambalo mimi huwa nasimama kulitazama. Fundi amechora meno ya juu kama msumeno, akasahau ya chini. Ndani ya jicho ameweka nukta nyeupe, ndogo, mahali penyewe hasa, hata mnyama anaonekana amekuona. Shingoni ana mkufu wenye kidani cha njano. Mbwa wa sura hiyo sidhani kama Nduruma nzima wapo wawili. Alichoraje mnyama asiyekuwepo, na kwa nini asimchore huyu koko aliyelala miguuni pake akimsubiri amalize?

Mbwa wa kwenye bati ana tarehe yake. Tarehe 3 Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, ofisa wa zamani wa jeshi la farasi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa kuchungia kondoo aliyemkosha kwa nguvu na utii wake. Akambadilisha jina, akamwita Horand von Grafrath. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameanzisha chama cha wafugaji, na Horand akaandikwa wa kwanza kwenye daftari la ukoo. Kondoo walipozidi kupungua Ujerumani, von Stephanitz aliwatafutia mbwa wake kazi nyingine, polisi na jeshini. Vita Kuu ya Kwanza ikawatangaza, kisha sinema: Rin Tin Tin, mtoto wa mbwa aliyeokotwa Ufaransa mwaka 1918 na askari wa Kimarekani, akawa nyota wa Hollywood. Tangu hapo ukimwambia mchoraji yeyote duniani akuchoree mbwa wa ulinzi, mkono wake unakwenda kwenye masikio yale yaliyosimama.

Mwaka huohuo wa 1899 Wajerumani wengine walikuwa hapa chini ya Mlima Meru wakianza kujenga boma lao. Lilikamilika mwaka 1900, kwa mikono ya Waarusha na Wameru waliolazimishwa baada ya kushindwa vitani. Leo ni makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa pale kuona mafuvu ya watu wa kale na wanyama waliokaushwa. Sisemi Horand alishuka na askari wale. Picha yake ilifika kwa njia ndefu zaidi, ya kalenda na sinema na askari polisi wa kikosi cha mbwa na farasi. Ila kila nikipita pale bomani huwa nawaza kwamba boma na sura ile ya getini ni wa rika moja.

Kuandika onyo la mbwa mlangoni si jambo la jana. Pompeii, mji wa Warumi uliofunikwa na majivu ya Vesuvio mwaka 79, una nyumba iliyofukuliwa mwaka 1824 ambayo sakafu ya mlangoni pake ina mbwa mweusi aliyepangwa kwa vijiwe vidogo, amefungwa mnyororo, na maneno ya Kilatini yanayomwambia mgeni ajihadhari. Tofauti yake na bati la Nduruma ni kwamba yule wa Pompeii ni mwembamba, mkia umepinda, ana sura ya mbwa wa kawaida wa mtaani. Inaelekea fundi alimtazama mbwa aliyekuwepo.

Mwaka 1899 ulitoa mbwa mwingine wa picha, na huyu aliingia hadi sebuleni. Nipper alizaliwa Bristol mwaka 1884, mchanganyiko wa damu nyingi, koko wa Kiingereza kwa maneno mengine, akafa mwaka 1895. Bwana wake wa mwisho, mchoraji Francis Barraud, alimchora baada ya kufa kwake, ameinamisha kichwa akisikiliza mashine ya sauti ya silinda ya Edison. Picha haikupata mnunuzi. Kampuni ya Gramophone ya London ikasema iko tayari kuinunua endapo mashine ile itabadilishwa iwekwe ya kwao, ya santuri. Barraud akapaka rangi juu ya mashine ya zamani, akachora mpya, akalipwa pauni 100: 50 za picha na 50 za haki ya kuitumia. Wanaoikagua picha hiyo kwa karibu wanasema umbo la mashine ya kwanza bado linaonekana chini ya rangi.

Mbwa huyo ndiye aliyekuja kuwa chapa ya His Master's Voice. Na mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji mzaliwa wa Fumba, Zanzibar, alipokwenda Bombay na wenzake kurekodi, waliomrekodi walikuwa watu wa chapa hiyohiyo. Santuri zake zilisambaa pwani yote na bara. Hapo ndipo pananichekesha. Pwani ya madhehebu ya Shafii, ambako chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo; ambako milango ya Zanzibar na Lamu imejaa nakshi za samaki, minyororo, mawaridi na yungiyungi na huoni mbwa hata mmoja; pwani hiyo ikalipa rupia na shilingi kuiingiza barazani chapa ya mbwa, kwa sababu sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Siti. Mbwa pekee mwenye daraja la juu katika masimulizi ya pwani ni yule wa Watu wa Pangoni, aliyetajwa katika Sura ya Al-Kahf amenyoosha mikono yake kizingitini. Waandishi wa Kituruki wa hati za nakshi walikuwa wakilipanga jina lake, Kitmiri, pamoja na majina ya mabwana zake, katika umbo la merikebu. Jina lilitosha, picha hawakuihitaji.

Basi wa kwetu yuko wapi? Nilikwenda kumtafuta penye vinyago vingi, Maasai Market ya Barabara ya Fire. Vibanda vimepangana, na ndani yake twiga wamesimama kwa urefu tofauti kama watoto wa shule wakati wa gwaride. Tembo, simba, vifaru, viboko, Wamasai wembamba wenye mikuki. Niliulizia mbwa.

“Mbwa tena, kaka? Mzungu mbwa anaye kwao,” alisema mwenye kibanda. Kisha, kwa kuwa biashara ni biashara, akaniletea fisi. “Huyu ukimweka mbali kidogo hakuna atakayejua.”

Jibu lile lina historia yake. Biashara ya vinyago vya wanyama ilianza kwa kumfuata mnunuzi. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, Kenya, alikuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona wachongaji wa huku, akarudi na ujuzi huo kwao. Vijana wakamfuata, na wateja wao wa mwanzo wakawa maofisa na walowezi, baadaye watalii. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Msasani mwaka 1968 juu ya mbao laini za dari, naye aliuza kwa wageni wa Oyster Bay, na chui na ndege ndio waliotoka. Mgeni hakusafiri maelfu ya kilomita aje kununua koko. Sanaa iliyopangwa kwa jicho la mgeni haiwezi kumweka mnyama ambaye mgeni anamwona wa kawaida, hata kama ndiye aliyelala mlangoni kwa mchongaji.

Wapo wanaolitumia hilo kudai kwamba Mwafrika hakumthamini mbwa wa kutosha kumfanyia kitu kizuri. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni kengele.

Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Wambuti huwinda na mbwa wadogo wenye masikio ya kusimama ambao hawabweki sawasawa. Mbwa asiyebweka akiingia kichakani umempoteza, kwa hiyo huvalishwa kengele ya mti. Kengele hizo zinapatikana Kongo nzima, na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yamehifadhi nyingi. Ni gogo dogo lililokombwa ndani likabaki ganda, mdomo mwembamba chini, na ndani vijiti viwili vinavyogonga kuta. Hakuna chuma, kwa hiyo mlio wake ni mkavu, wa mti kwa mti, unaokwenda mbali chini ya majani. Wakiwa njiani wawindaji huziba mdomo wake kwa majani ili mnyama asishtuke; wakifika penye mawindo huyatoa. Nyingi zimechongwa mistari na pembetatu kwa uangalifu, na mahali kamba ilipopita pamelainika kwa kusuguana na shingo. Aliyetumia jioni zake kuzitia nakshi hakuwa na haja ya kumchora mbwa. Alikuwa anampamba mwenyewe.

Ukiendelea magharibi, pua ya mbwa inaingia kwenye mambo mazito zaidi. Waganga wa Wakuba wa Kasai, Kongo, walikuwa na chombo cha mti cha ukubwa wa mkono, kilichochongwa umbo la mamba, ngiri au mbwa, mgongo ukiwa bapa. Mganga aliupaka mgongo ule mafuta, akasugua juu yake kidude cha mti huku akitaja majina ya watuhumiwa mmoja mmoja. Kidude kikigoma kusogea, jina lililo mdomoni ndilo jibu. Migongo ya vyombo hivyo leo inang'aa. Wakongo wa pwani ya Atlantiki wao walichonga mbwa mwenye vichwa viwili, wakamkandika dawa mgongoni na kumpigilia misumari na vipande vya chuma. Mmoja wao yuko British Museum. Kichwa kimoja kwa walio hai, kimoja kwa waliokufa, maana anayenusa njia ya mnyama usiku anadhaniwa ananusa na mengine.

Kaskazini mambo ni ya zamani zaidi. Kwenye miamba ya Laas Geel, Somaliland, penye ng'ombe waliochorwa maelfu ya miaka iliyopita, yumo mbwa wa kufugwa. Upande huohuo wa Pembe ya Afrika ndiko wataalamu wengi wanakoiweka nchi ya Punt, na malkia Hatshepsut wa Misri alipotuma merikebu zake huko karibu na mwaka 1470 kabla ya Kristo, orodha ya shehena iliyochongwa ukutani Deir el-Bahari ilitaja ubani, mpingo, pembe, nyani, na mbwa. Maana yake mbwa wa upande wetu wa bara walikuwa bidhaa ya kifalme.

Miaka kama 600 kabla yake, mfalme Intef wa Pili wa Thebes alisimamishiwa kaburini jiwe lililomwonyesha na mbwa wake, kila mmoja na jina lake. Majina yenyewe hayakuwa ya Kimisri, yalikuwa ya Kilibya, na mchongaji akaona aweke tafsiri pembeni kwa baadhi yao. Karibu na mwaka 1110 kabla ya Kristo, wakati wizi wa makaburini umeshamiri, tume ya serikali ilizunguka kukagua. Ripoti yao ipo, kwenye mafunjo yanayoitwa Abbott, British Museum. Walipofika kwa Intef, makarani waliandika kwamba mfalme amesimama kwenye jiwe na mbwa wake Behka yuko katikati ya miguu. Auguste Mariette alilikuta jiwe hilo mwaka 1860 akaliacha palepale, likavunjwa, na vipande vilivyookolewa vikapelekwa Cairo. Sehemu ya juu ya mfalme haipo. Majina ya mbwa yanasomeka.