Brocken: Mlima Uliofungwa

Brocken ni mlima mrefu kuliko yote ya safu ya Harz katika Ujerumani, nao una kimo cha meta 1,141 tu. Kwa aliyezoea Kilimanjaro, hicho ni kilima. Hata hivyo historia yake yatufaa sisi tufundishao habari za sheria na uhuru.

Kando ya Harz, upande wa mashariki, upo mji wa Mansfeld, ambako baba yake Martin Luther alijipatia riziki kwa kuyeyusha shaba. Tangu zamani wenyeji walisimulia kwamba wachawi hukutana juu ya Brocken usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei. Hofu hiyo haikuwazuia wapandaji. Goethe alifika kileleni Desemba 1777, na mwishoni mwa karne ya 19 treni ya mvuke ilianza kuwapandisha watu kwa mamia.

Kilichowazuia ni siasa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi iligawanyika, na mpaka ukapita karibu na mlima. Agosti 1961 serikali ya Ujerumani Mashariki ilikifunga kilele, wakakaa humo askari na mitambo ya kusikiliza mawasiliano ya Magharibi. Kwa miaka 28 wakazi wa Schierke, kijiji kilicho chini yake, waliutazama mlima wao kwa mbali.

Tarehe 3 Desemba 1989 watu walipanda kwa miguu, bila silaha, hadi kwenye lango la ukuta wa kilele, wakadai lifunguliwe. Likafunguliwa. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo zaburi yake katika makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani ni ya 24. Zaburi hiyo yanena habari za malango, tena yauliza ni nani atakayeupanda mlima wa Bwana.

Leo mlima umo katika Hifadhi ya Taifa ya Harz. Tangu 2018 ukame na wadudu wa magome wameangamiza sehemu kubwa ya misonobari, ambayo mingi ilipandwa na wanadamu kwa ajili ya mbao. Wageni huagizwa wasiziache njia zilizowekwa alama. Hilo nalo ni katazo, lakini halimfukuzi mtu mlimani. Lamtaka apite asiharibu. Yatupasa kuwafundisha waumini wetu kuyapambanua makatazo ya namna hizi mbili, maana anayeyachanganya ama ataivumilia dhuluma, ama ataharibu alichopewa kukitunza.