Kitufe Kilichowaliza Watu Miaka Kibao

Mtu kajaza fomu ya kuomba kazi kwa saa nzima. Anataka kufuta herufi moja tu, anabonyeza Backspace. Kumbe alishabofya nje ya kisanduku cha maandishi! Kivinjari kinamrudisha ukurasa wa nyuma. Akienda mbele tena, fomu nyeupe pe. Kazi yote imeyeyuka.

Kwa wengi waliotumia kompyuta za Windows miaka hiyo, hili halikuwa jambo geni. Kitufe kimoja kilibeba kazi mbili: kufuta, na kurudi nyuma.

Dawa ya mapema ilitoka Microsoft mwaka 1997. Kupitia Internet Explorer 4, tovuti ikaweza kumuuliza mtu kama kweli anataka kuondoka. Wazo safi, ila matapeli nao wakaliona. Wakajaza vitisho vyao kwenye kile kidirisha, ukitaka kutoka unabanwa mlangoni. Ndiyo maana Firefox 4 ya mwaka 2011 iliacha kuonyesha maneno ya tovuti, na Chrome ikafuata 2016. Siku hizi linabaki swali fupi la kivinjari chenyewe.

Dawa nyingine ilikuja Oktoba 2006. Firefox 2 ikizima ghafla, ukiifungua tena inarudisha kurasa zako pamoja na ulichokuwa unaandika kwenye fomu. Hapo watu wakapumua kidogo.

Backspace je? Wahandisi wa Chrome walipima wakakuta ni asilimia 0.04 tu ya kurasa zilizofunguliwa kwa kurudi nyuma na kitufe hicho, na baadhi ya hao walikuwa katikati ya kujaza fomu. Julai 2016, toleo la 52 likakata mzizi wa fitina: Backspace ibaki kufuta tu. Waliokizoea wakapiga kelele, mpaka Google ikatoa programu ndogo ya kuongezea kwa wanaokitaka. Firefox nayo ikafuata mwaka 2021.

Basi yameisha? Wapi! Vita imehamia kwenye simu. Memori ikijaa, simu inaua ukurasa kimyakimya bila kuuliza swali lolote. Unatoka kidogo kujibu meseji, ukirudi ukurasa unajipakia upya na maandishi hayapo.

Kivinjari kingeweza kutunza rasimu chenyewe ndani ya simu, kama Google Docs inavyohifadhi kila unachoandika. Tatizo ni siri za watu: kwenye kompyuta ya intaneti kafe, anayekaa baada yako asije akakuta barua yako au namba ya kadi. Kwa hiyo rasimu isiguse nywila wala kadi, ijifute fomu ikishatumwa, na mwenye nayo aweze kuizima.

Mpaka hayo yafike, andika kwanza kwenye notisi za simu, kisha kopi na kupesti.

Wewe kilichokuliza ni fomu ya chuo, ombi la kazi au meseji ndefu ya mapenzi? Dondosha komenti hapo chini, ila ikopi kwanza kabla hujatuma!