Habari za Tungo za Kinanda Zilizopewa Fidla

Wako watu wasemao ya kuwa utungo ulioandikwa kwa kinanda haufai kupigwa kwa chombo kingine, kwa maana utaharibika. Sisi twaona neno hili lina kweli nusu tu, na habari za kale zatufundisha nusu ya pili.

Johann Sebastian Bach wa Ujerumani, aliyefariki mwaka 1750, mwenyewe alizichukua tungo za fidla za Antonio Vivaldi, akazitengeneza kwa kinanda. Basi kazi hii si uzushi wa watu wa baadaye.

Mwaka 1744 Charles Avison, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Newcastle, Uingereza, alitoa tungo 12 za kundi la fidla, alizozitengeneza kutoka katika tungo za kinanda za Domenico Scarlatti. Aliona ya kuwa Scarlatti alizidisha madoido na kurudiarudia, akayapunguza. Wengi walifurahi, lakini aliyezijua tungo za asili aliona ya kuwa ukali wake umepungua.

Wolfgang Amadeus Mozart alishika njia nyingine. Mwaka 1782, katika mji wa Vienna, alikuwa akienda kila Jumapili saa sita mchana nyumbani kwa Gottfried van Swieten, ambako kazi za Bach na Handel zilipigwa. Mozart alichagua fyuga tano za Bach, yaani tungo ambazo sauti moja hutangulia, na nyingine huifuata kwa wimbo uleule. Zote tano zilikuwa na sauti nne. Akazigawia fidla mbili, viola na selo, kila chombo sauti yake. Sauti hakuongeza, wala hakupunguza. Moja aliishusha nusu hatua, ikawa nyepesi kwa vidole vya wapigaji.

Je, palikuwa na hasara? Ndiyo. Kinanda kilikuwa na mtu mmoja aliyetawala sauti zote. Sasa watu wanne hawana budi kusikilizana, na mmoja akikosa, wote wanne wapotea. Lakini faida ni kubwa. Sauti ya kinanda cha nyuzi hufifia mara tu iguswapo, bali fidla huishikilia, hata sauti ya katikati iliyokuwa imefichika husikika waziwazi.

Enyi walimu, mkitaka kuwagawia wapigaji wenu utungo wa kinanda, hesabuni kwanza sauti zake, mkajue ipi haina budi kulindwa. Ndipo mchague vyombo.